Andika Anwani Wewe Mwenyewe

Hotuba niliyoitoa kwa wazazi, walimu na vijana kwenye mkutano wa shule jijini Tanga. Wengi waliniomba maandishi, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema siku ile.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazazi wenzangu, vijana wetu. Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wote, habari za asubuhi.

Wengi mnanifahamu kwa ile steshenari ya Ngamiani. Mwalimu Mkuu aliponiita nije nizungumzie mtandao, nilimwomba kitu kimoja: nisije kutisha watu. Hotuba za kuwatisha watoto na simu tumeshazisikia za kutosha. Mimi nataka niwaonyeshe vitu vizuri vilivyomo humo, vitu ambavyo tunanunua bando kila wiki na bado hatuvifikii.

Nianze na mama mmoja. Ilikuwa mwezi wa kwanza, siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka. Foleni dukani kwangu ilifika barabarani. Mama huyu alisimama zaidi ya saa nzima, juani, na mkononi ameshika simu janja nzuri kuliko yangu. Zamu yake ilipofika akasema, "Mwanangu, hebu niangalizie ya binti yangu." Nikamuuliza, "Mama, bando unalo?" Akasema analo, ila ni la WhatsApp. Tukaangalia salio pamoja, kumbe na MB za kawaida zilikuwepo, hajawahi kuzigusa.

Nikamwonyesha kile kiduara cha Chrome, mlango wa kuingilia tovuti, chenye rangi nyekundu, njano, kijani na bluu. Simu ana mwaka wa tatu, kiduara hajawahi kukibonyeza. Kikafunguka. Nikamwambia, "Unauona huu mstari mrefu hapa juu? Andika humo." Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, midomo inatamka: n, e, c, t, a, nukta, g, o, nukta, t, z. Ukurasa ukaja. Akachagua mtihani, akachagua mwaka, akaitafuta shule, akaanza kuteremka polepole na ile karatasi ya namba ya mtihani ameibana kwenye kiganja. Alipoifikia namba alikaa kwenye benchi akalia, kisha akacheka, na foleni nzima ikampigia makofi. Binti amefaulu.

Nilidhani atainuka aende. Akarudi kwangu, akauweka ukucha juu ya ule mstari, akauliza: "Kwa hiyo hapa juu naweza kuandika chochote?"

Ndugu zangu, swali lile ndilo lililonileta hapa leo. Wengi wetu intaneti tumeikuta ndani ya simu, na ndani ya simu tumeikuta kwenye vile vijumba vinne vitano: WhatsApp, Facebook, TikTok, Instagram, YouTube. Sivisemi vibaya. Vimetuunganisha na ndugu walio Muscat na walio London, na biashara ngapi za hapa mjini zinaishi kwa hivyo. Ila humo ndani mtu analetewa. Anafungua, anapokea kilichopangwa apokee. Kule juu kwenye mstari ni wewe unayesema unataka kwenda wapi.

Na ule mstari una historia yake. Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kule Geneva, alipendekeza mwaka 1989 njia ya kuunganisha nyaraka za kompyuta mbalimbali, na tovuti ya kwanza ikawa tayari kufikia mwaka 1991. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia ile ni ya watu wote, haina malipo. Ndiyo maana mvuvi wa Sahare hapa Tanga na profesa wa Geneva wanaandika kwenye mstari ule ule, na hakuna hata mmoja wao anayeomba ruhusa.

Sasa, kabla sijaanza kuwapeleka huku na huku, tujifunze kuisoma anwani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakilia kwa kutolijua hili. Kijana mmoja alikuja kuchapa cheti cha kuzaliwa, ananiambia amepata kazi ya serikali, ameshalipa shilingi elfu arobaini na tano za usajili. Nikaomba nione alikolipia. Ukurasa ulikuwa na nembo ya taifa, una picha za viongozi, una maneno ya Kiswahili safi kabisa. Anwani tu ndiyo iliyosema ukweli.

Anwani isome hivi. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, ule mstari ulioinama. Kisha rudi nyuma kutoka hapo, kutoka kulia kwenda kushoto. Kipande cha mwisho kabla ya mkwaju ndicho kinachosema mwenye nyumba ni nani. Kikiwa go.tz, hiyo ni taasisi ya Serikali ya Tanzania. Anwani hizo haziuzwi kwa mtu yeyote mwenye hela. Vyuo vikuu vyetu vina ac.tz, shule zina sc.tz. Kipande kinachofuata kurudi kushoto ndicho jina la taasisi yenyewe. Kwa hiyo portal.ajira.go.tz ni nyumba ya ajira, ndani ya go, ndani ya tz. Lakini mtu akisajili anwani nyingine, akaweka neno "ajira" mwanzoni na "go" katikati, halafu mwisho ikaishia kwa kitu kingine kabisa, hiyo ni nyumba ya huyo mtu, hata akipaka rangi za bendera ukuta mzima.

Na kile kikufuli kinachoonekana pembeni ya anwani msikielewe vibaya. Kikufuli kinasema tu kwamba mazungumzo yako na tovuti ile hayasikilizwi njiani. Hakisemi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu. Tapeli naye anaweka kikufuli, ni kazi ya dakika chache.

Baada ya hapo, twendeni baharini.

Wazee wa Deep Sea na Sahare, nyinyi upepo mnaujua kwa ngozi. Mnajua kaskazi inaanza kuingia lini na kusi inakaza lini, na mimi siwezi kuwafundisha. Ila nataka muone kitu. Iko tovuti inaitwa earth.nullschool.net, aliyoitengeneza Cameron Beccario mwaka 2013. Ukiifungua unaiona dunia nzima inaelea gizani, na juu yake upepo unatembea kama nyuzi nyembamba zinazong'aa. Unaizungusha kwa kidole mpaka Bahari ya Hindi. Mwezi wa saba utaiona kusi inatoka huko chini, inapita Madagaska, inapanda na pwani yetu, inapinda kuelekea Somalia, halafu inavuka hadi India. Mwezi wa kwanza nyuzi zote zimegeuka, zinashuka kutoka Arabuni na India kuja kwetu. Ndiyo njia ya majahazi ile. Babu zetu walioenda na kurudi Muscat kwa matanga waliibeba ramani hii kichwani, na sasa mtoto wa darasa la tano anaweza kuiona yote kwa mara moja. Mara ya kwanza nilipoiona nilisahau kufunga duka.

Ukigusa sehemu yoyote, inakwambia upepo unatoka upande gani na kwa kasi gani. Iko na nyingine, Windy, inayoonyesha na mvua na mawimbi ya siku zijazo. Lakini nisikilizeni vizuri: hizo ni hesabu za kompyuta za dunia nzima, haziujui mlango wa bahari wa kwenu. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari kwenye meteo.go.tz kwamba kuna mawimbi makubwa mikoa ya Tanga, Pemba na Unguja, usiseme mbona kwenye nyuzi pametulia. Vuta ngalawa juu.

Hapo hapo baharini, kuna meli. Miaka mingi hapa Tanga meli zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa kwa matishari. Sasa bandari imechimbwa, meli zinafunga gatini, na vijana wetu wengi wana kazi kule au wanasubiri mzigo kule. Meli zote za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zinalazimika kuwa na chombo kinachotangaza kwa redio jina la meli, ilipo, inaelekea wapi na kwa kasi gani, ili zisigongane. Watu kwenye fukwe za dunia nzima wameweka antena za kuyasikiliza matangazo hayo, na tovuti ya MarineTraffic, iliyoanzia Ugiriki mwaka 2007, inayakusanya na kuyaweka kwenye ramani. Kila meli ni kialama kidogo chenye rangi. Ukigusa, unapata jina lake, bendera yake, bandari iliyotoka.

Nina mteja, kijana wa bodaboda aliyejikusanya miaka sita akaagiza gari dogo la mkono wa pili Japani. Alikuja kuchapa hati ya shehena, nikamwambia, "Mdogo wangu, jina la meli hili hapa." Tukaliandika. Meli ilikuwa imetoka Japani siku mbili nyuma. Tangu siku hiyo kila asubuhi anapita dukani, "Dada, tumefika Singapore." "Tumefika" anasema, kana kwamba yeye ndiye nahodha. Siku moja akaja amekata tamaa: meli haionekani. Nikamweleza kwamba katikati ya bahari kuu antena za pwani hazisikii, na taarifa za setilaiti zinalipiwa, kwa hiyo bure itapotea mpaka ikaribie pwani nyingine. Siku kadhaa baadaye alipita na pikipiki anapiga honi kabla hajafika, alama imeibuka tena. Tovuti ile haikumpunguzia ushuru hata senti. Ilichompa ni usingizi, maana wale waliokuwa wakimpigia simu kudai "ada ya kuiokoa meli iliyozuiwa Mauritius" aliwajibu kwamba meli anaiona, inatembea.

Redio nayo nisiisahau, kwa wazee. Iko Radio Garden, waliianzisha Waholanzi mwaka 2016. Ni dunia tena, safari hii imejaa vitone vya kijani, na kila kitone ni mji wenye redio zake. Unaiburuza dunia mpaka kitone kikae katikati, na redio ya mji ule inaanza kusema. Shangazi yangu, ambaye macho yamemchoka na kusoma hawezi tena, jioni namwekea. Tunaanza Mombasa, tunapanda Lamu, tunakwenda Bujumbura tunasikia Kiswahili chao, tunarudi Zanzibar kwa taarabu. Kuna siku aliniambia nimpeleke India, akasikiliza nyimbo za sinema alizokuwa akizitazama kwenye ukumbi wa Majestic akiwa msichana. Redio ya mtandaoni hula kama MB 30 hadi 60 kwa saa, kwa hiyo pangeni. Lakini kama mna mzee ndani ambaye siku yake imekuwa ndefu, hizo MB hamtazijutia.

Walimu, sasa nazungumza na nyinyi, hasa wa awali na wa madarasa ya chini. Najua darasa lina watoto wangapi na vitabu vya hadithi ni vingapi. Kuna africanstorybook.org, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014. Ni maktaba ya hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo tele. Hadithi zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zile za neno moja moja kwa ukurasa hadi zenye aya nzima. Leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapa, kunakili, hata kutafsiri. Sisemi jambo la kusikia. Mwalimu mmoja wa awali alikuja dukani na mchango wa wazazi, tukachagua hadithi saba, tukazichapa nyeusi na nyeupe ili bei ishuke, tukazikunja na kuzibana pini mbili mbili mgongoni. Watoto wakapaka rangi zile picha wenyewe. Ijumaa iliyofuata alinipitishia kitabu kimoja nikione. Kuku alikuwa wa zambarau, na pembeni ya ukurasa mtoto ameandika jina lake kwa penseli, limepinda likapanda mpaka juu ya paa la nyumba iliyochorwa. Kitabu cha kwanza chake maishani.

Tena tovuti ile inawaruhusu muandike hadithi zenu. Nani ataandika ya popo wa Mapango ya Amboni kama si mwalimu wa Tanga?

Kwa sekondari, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Walimu wa sayansi wasiokuwa na maabara waangalie PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, aliyoianzisha mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002: mwanafunzi anaunganisha betri na balbu kwenye kioo, akikosea waya unawaka moto wa kuchora na hakuna anayeungua. Baadhi ya majaribio yale yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Na shule isiyo na intaneti kabisa? Kuna programu ya Kiwix. Unapakua Wikipedia nzima ya Kiswahili mara moja, mahali penye mtandao, unaiweka kwenye kompyuta ya shule, na baada ya hapo inasomeka bila bando. Mwalimu Mkuu, flash nimekuja nayo, iko kwenye mkoba wangu.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na imeandikwa na watu wa kujitolea. Nimewahi kusikia mtu akiidharau, eti kurasa zake ni fupi. Ni kweli, nyingi ni fupi. Ni fupi kwa sababu mimi na wewe tunaojua hatujaandika. Juu ya ukurasa pana neno "Hariri". Libonyeze. Unaijua historia ya mkonge, baba yako alikata mkonge miaka thelathini, unajua kitengele ni nini na singa ni nini. Andika, na utaje kitabu au gazeti linalothibitisha ulichoandika, kwa sababu wengine watakuja kukagua na wana haki.

Ramani nayo hivyo hivyo. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na inachorwa na yeyote. Kibera, Nairobi, vijana wa pale pale waliingia mwaka 2009 kwenye kazi ya kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani za wakati ule ulikuwa karibu mtupu. Dar es Salaam, kupitia Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wananchi walipita mitaa inayofurika, wakachora nyumba, njia na mitaro, ili wanaopanga mambo ya mafuriko wajue maji yanapita wapi. Ukijiuliza gari la wagonjwa litaipataje nyumba yako usiku, angalia kwanza kama njia ya kwako imo kwenye ramani. Ya kwangu haikuwemo. Niliichora Jumapili moja, ilinichukua dakika ishirini.

Michezo nitaitaja haraka, vijana msinune. Lichess ni sataranji, bure, haina hata tangazo moja, aliianzisha Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010. Ina ndugu yake wa drafti, Lidraughts. Mabingwa wa kijiweni nawaomba wakajipime huko na Warusi na Wabrazili, halafu mniambie.

Jambo moja la mwisho, ni la haki yako. Tovuti hubadilishwa. Mzazi mmoja alimpeleka mwanawe kwenye chuo fulani kwa sababu ukurasa wao ulisema ada ni kiasi fulani na hosteli imo ndani yake. Muhula ulipoanza, hosteli inalipiwa kando, na ukurasa umeshabadilishwa. Akaambiwa amesoma vibaya. Mzazi akaja kwangu amenyong'onyea, ameanza hata yeye kuamini kwamba alisoma vibaya. Tukafungua web.archive.org. Hiyo ni ya Internet Archive, asasi aliyoianzisha Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, na kazi yake ni kupiga nakala kurasa za mtandao na kuzihifadhi zilivyokuwa siku ile. Haina nakala ya kila kitu, lakini ya ukurasa ule ilikuwepo, ya miezi minne nyuma, na hosteli imo. Nikaichapa, tarehe inaonekana juu. Alirudi chuoni na karatasi ile, wakamsikiliza. Kwa hiyo ukiona ahadi mtandaoni ambayo maisha ya mtoto wako yanaitegemea, nenda web.archive.org, tafuta sehemu iliyoandikwa "Save Page Now", bandika hapo anwani ya ukurasa wenye ahadi ili uhifadhiwe. Ni bure, na nakala haiko mikononi mwa aliyeahidi.

Mwalimu Mkuu ameniruhusu nikae nanyi mpaka adhuhuri. Kompyuta tatu ziko kwenye ile meza ya nyuma, na mtandao wa shule umefunguliwa. Wenye simu mkae upande wa madirisha, vijana wa kidato cha tatu watapita kuwasaidia. Vijana, msiwashikie wazee simu, waacheni waandike wenyewe hata ikichukua muda. Wazee wa Sahare mje mbele kwangu, nimeshafungua ile ya upepo. Nataka mniambie kama hizi nyuzi za leo asubuhi zinafanana na mlichokiona alfajiri mlipotoka.